Polisi wamemhoji mwanangu shuleni bila mimi kujua, kesho wanamtaka kituoni

Mama Wawili wa Tandika

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo. Naombeni msaada wa haraka maana toka jana usiku sijafumba jicho.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 14, yuko form two shule moja ya serikali huku Temeke, jina la shule naliacha. Jana karudi saa kumi na mbili jioni wakati siku zote saa kumi yuko nyumbani, kanyamaza, ugali hajagusa, nikajua tu hapa kuna jambo. Kumbana ndo anasema mama leo polisi walikuja shule. Kuna simu ya mwalimu imepotea, aliiacha inachaji ofisini, sasa siku hiyo mwanangu na wenzie wawili ndo walikuwa zamu ya kufagia ile ofisi. Wakaitwa mmoja mmoja ofisi ya mwalimu wa nidhamu, mlango umefungwa, maaskari wawili wamevaa kiraia, mwalimu wa nidhamu kakaa pembeni anasahihisha madaftari. Anasema aliingia baada ya chai akatoka wenzake wanapanga mstari wa kuondoka, halafu akaambiwa akae kwenye korido asiongee na mtu mpaka wote wamalize. Humo ndani ni sema ukweli uende kwenu, usiposema tunaondoka na wewe kwenye defenda. Mwisho afande kaandika karatasi akamwambia weka sahihi hapa na hapa na hapa, naye kaweka. Nikamuuliza ulisoma? Anasema hakusoma, mwandiko wenyewe kama wa daktari, na alishaona aweke tu aondoke.

Kinachoniuma zaidi namba yangu shule wanayo. Mwezi huu wamenipigia mara mbili kwa hela ya mtihani wa majaribio, mara mbili! Lakini mtoto anafungiwa na polisi hakuna hata wa kunibipu.

Sasa kesho saa mbili asubuhi wanamtaka kituoni "kumalizia maelezo", ujumbe kapewa mtoto kwa mdomo, hakuna barua wala nini. Baba yake yuko na lori njia ya Tunduma simu haipatikani. Je polisi wanaruhusiwa kumhoji mtoto shuleni bila mzazi? Nina haki ya kukaa naye akihojiwa? Na nimpeleke au nimtoe usiku huu aende kwa dada yangu Kibaha mpaka yapoe?

Kijiwe cha Kahawa

Mama punguza presha. Kama hajaiba anaogopa nini? Enzi zetu mwalimu angekutandika kwanza, ukifika nyumbani baba anamalizia, na simu ingepatikana siku hiyo hiyo. Siku hizi mtoto akiguswa tu mzazi anakimbilia haki za mtoto, ndo maana mtaani tunapanda daladala tumekumbatia mabegi. Mpeleke, akajibu, arudi.

Fundi Redio

KIBAHA HAPANA dada yangu tafadhali sana. Mdogo wangu tulimfichaga Mlandizi kwa kesi ya kuku, naapa, kuku, yaliyotokea ni kwamba toka siku hiyo akawa siyo tena mtoto anayeulizwa, akawa mtuhumiwa aliyekimbia. Walikuja nyumbani saa kumi alfajiri wakamkosa wakamchukua kaka yetu mkubwa ambaye hakujua hata kuku mwenyewe ana rangi gani. Nenda naye. Ila usimwache aingie peke yake.

Karani Mstaafu

Mama Wawili pole. Nimekaa mahakamani miaka mingi kama karani, siyo wakili, ila mafaili ya watoto nimeyaona ya kutosha. Nitaandika kirefu nivumilie.

Kwanza jua mwanao anahojiwa kama nani. Hili ndo swali la kuuliza pale kaunta kabla hujakaa: afande, mtoto huyu ni shahidi au mtuhumiwa? Usikubali jibu la "tunamuuliza tu".

Akiwa mtuhumiwa na yuko chini ya ulinzi, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kifungu cha 56 (kwa toleo nililonalo mimi) inamtaka mpelelezi, mara tu mtoto anapowekwa chini ya ulinzi, ahakikishe mzazi au mlezi anapewa taarifa kwamba mtoto kashikwa na kosa lenyewe ni lipi. Imeandikwa mara moja, haijaandikwa akishamaliza kusaini. Na kifungu cha 53 kinataka kabla ya kumhoji aliye chini ya ulinzi askari ajitambulishe jina na cheo, amwambie kwa nini kazuiliwa, amwambie halazimiki kujibu na atakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi, na kwamba anaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Hiyo ni kwa mtu yeyote, mkubwa au mdogo.

Watakwambia hakuwa chini ya ulinzi, tulikuwa tunaongea naye tu shuleni. Hapo ndo penye ubishi. Kuwa chini ya ulinzi siyo lazima pingu wala selo, kinachotazamwa ni kama angeweza kunyanyuka akaondoka asizuiwe. Mtoto wa miaka 14 mlango umefungwa, ndani maaskari wawili na mwalimu wa nidhamu, nani hapa ataniambia angesema jamani mimi naenda hisabati?

Akiwa shahidi ni kitu kingine. Polisi wanaruhusiwa kumuuliza mtu yeyote anayeonekana anajua kitu kuhusu kosa, na sijawahi kuona kifungu kinachowafungia geti la shule. Lakini hata shahidi, maelezo yake anatakiwa asomewe au aonyeshwe, na ana ruhusa ya kufafanua na kuongeza. Mwanao hakusomewa. Hilo kesho liseme kwa adabu ila liseme, tena kabla hawajaanza karatasi mpya.

Na muda. Sheria imeweka masaa manne kama muda wa kawaida wa kuhoji mtu aliye chini ya ulinzi, kuongeza kuna utaratibu wake. Mkalishe usiku huu huu akueleze aliingia baada ya kipindi gani, alitoka kipindi gani, nani alikuwepo, kila neno analokumbuka, andika na tarehe. Mwache aseme mwenyewe usimtilie maneno, ukimtilia utakuwa umefanya kile kile unacholalamikia.

mwl_chaki

Mimi ni mwalimu, siyo shule yako usije ukanitafuta. Niseme upande wetu kidogo. Askari akija anaenda ofisi ya mkuu wa shule, anajieleza, mkuu anaita watoto. Ukimwambia afande ngoja kwanza tumpigie mzazi unaonekana unazuia upelelezi, na ukikaa kimya mzazi anakuja na kanga kiunoni. Kinachotubeba ni ile kusema mtoto akiwa shuleni mwalimu ndo mlezi wake, basi mwalimu akikaa mle ndani inahesabika mlezi alikuwepo.

Lakini dada, kwa hili lako nimejikuna kichwa. Mlalamikaji ni mwalimu. Aliyekaa kama mlezi ni mwalimu mwenzake, pengine wanakunywa chai meza moja. Huyo atamlindaje mtoto? Hapo shule yako imekosea na mwambie mkuu wa shule hivyo hivyo, ila mwambie ofisini kwake na mpelekee barua, usimvae mstarini mbele ya wanafunzi maana mtoto bado ana miaka miwili na ushee pale.

Barua iwe fupi tu: mimi mzazi wa fulani, naomba mwanangu asihojiwe na polisi bila mimi au ndugu niliyemtaja kupigiwa simu, namba hizi hapa. Gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye kopi ubaki nayo. Haimzuii polisi kufanya kazi yake ila mkuu wa shule hatasema tena hakujua. Na hao wa kiraia, mzazi yeyote anaruhusiwa kuomba kuona kitambulisho cha kazi, na mwalimu pia alitakiwa aombe.

Mbeba Boksi

Niko Marekani mwaka wa tisa sasa, watu wanadhani huku mambo yamenyooka kwa sababu ya zile sinema za una haki ya kukaa kimya. Wala. Huku siyo nchi nzima polisi analazimika kumpigia mzazi kabla ya kumhoji mtoto shuleni, inategemea jimbo. Kuna kesi ilifika mahakama ya juu 2011, mtoto wa miaka 13 wa North Carolina, darasa la saba, polisi mwenye sare kamtoa darasani wakamweka chumba cha mikutano cha shule mlango umefungwa, kama nusu saa au zaidi kidogo, anaulizwa habari ya nyumba zilizovunjwa. Bibi yake ndo alikuwa anamlea na hakupigiwa simu. Majaji wakagawanyika 5 kwa 4, walioshinda wakasema umri wa mtoto lazima uzingatiwe katika kuamua kama alikuwa huru kuondoka au la. Kitu ambacho Karani kakisema hapo juu bila hata kupanda ndege. Na jimbo la kwanza kupiga marufuku polisi kumdanganya mtoto wakati wa kumhoji ni Illinois, 2021 hiyo, juzi juzi tu. Kwa hiyo mama usijione uko nyuma, wewe komaa na vifungu vya huko.

Kijiwe cha Kahawa

Sasa mnamfundisha mama wa watu kugombana na polisi. Simu ya mwalimu nani atalipa? Mwalimu naye ni mzazi, kakopa hiyo simu.

Fundi Redio

@Kijiwe hakuna aliyesema mwalimu asipate simu yake. Kama ni smatifoni namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu, itaitafuta, mtoto hatafutiki kwa IMEI.

Mama Wawili wa Tandika

Asanteni sana, nimesoma yote nalia. Nimemkalisha ameandika mwenyewe kurasa mbili. @Karani nikifika pale wakisema mama kaa nje kwenye benchi nifanyeje? Na nikisema sana wasije wakaniweka ndani na mimi, nina mdogo wa miaka mitatu.

Dada Paralegal

Niingie hapo, mimi nasaidia msaada wa kisheria kata ya jirani na kwenu. Vituo vikubwa vina Dawati la Jinsia na Watoto. Ukifika usianze na aliyekuita, anza kaunta, salimia, sema nimeleta mtoto wa miaka 14 kwa wito wa afande fulani naomba tupelekwe Dawati la watoto. Mara nyingi pale utakuta askari wa kike na chumba cha pembeni, siyo pale kaunta watu wanapolia na vibaka. Wakikwambia kaa nje jibu moja tu, huyu ni mtoto mimi ni mama yake, naomba iandikwe kwamba nimeomba kukaa naye. Sauti ya chini. Hakuna anayewekwa ndani kwa kuomba kitu kiandikwe, kinachoponza watu ni kupayuka.

Beba cheti cha kuzaliwa kopi mbili. Umri ndo kila kitu, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, bila karatasi mtoto mrefu anaandikwa miaka 19 na ukishaandikiwa kulifuta ni kazi. Angekuwa chini ya miaka 10 hata kesi isingekuwepo, kati ya 10 na 12 lazima ithibitishwe kwamba alikuwa anaelewa anachofanya ni kosa, ila 14 hapana, anaweza kushtakiwa, kwa hiyo usiende kichwa kichwa. Akishtakiwa ni Mahakama ya Watoto, hapa kwetu Dar iko Kisutu, afisa ustawi wa jamii anakuwepo na hafungwi jela kama mkubwa. Hayo yako mbali, nakutajia ili usitishwe na mtu atakayesema mwanao anaenda gereza la Segerea.

Usiku huu piga 116, ni namba ya huduma kwa mtoto, bure. Asubuhi mtu mmoja wa familia apitie manispaa kwa afisa ustawi wa jamii wakati wewe uko kituoni. Wakisema wanamzuia omba dhamana hapo hapo, dhamana haiuzwi, na wakimweka asichanganywe na wakubwa.

Halafu swali ambalo hakuna aliyekuuliza: hao wenzake wawili wazazi wao wanajua?

Mama Wawili wa Tandika

Sijui. Mmoja kwao mbali, Yombo. Mwingine ni wa hapa hapa uani kwetu, analelewa na bibi yake anauza maandazi. Sikufikiria. Kesho nitawaambia yaliyotokea.

Karani Mstaafu

Nenda kagonge kwa huyo bibi leo.

Mama Wawili wa Tandika

Wakuu nimerudi, saa hizi ni saa mbili usiku nimechoka lakini nimeahidi.

Kwanza kusema ukweli jana sikugonga. Ilikuwa saa nne usiku nikasema bibi wa watu keshalala nisimpandishe presha.

Tumefika saa mbili kasoro, mimi, mwanangu na baba yake mdogo. Kaunta nikasema kama Dada Paralegal alivyonifundisha, neno kwa neno, nilikuwa nimeandika kiganjani. Afande akanicheka kidogo, akasema mama umesoma sheria? Nikamwambia hapana nimeleta mtoto. Tumekaa benchi mpaka saa nne, akatoka dada mmoja wa Dawati mpole tu, akatuingiza. Yule mpelelezi wa juzi akaja na faili akasema mtoto ni shahidi, siyo mtuhumiwa. Nikashusha pumzi. Nikaomba asomewe alichosaini kwa sababu juzi hakusomewa. Kanuna lakini kasoma.

Jamani. Imeandikwa "nilimwona mwenzangu akiweka kitu kinachofanana na simu ndani ya begi lake". Mwanangu akaruka, akasema afande mimi sikusema hivyo, nilisema ameweka daftari. Mpelelezi akasema mimi nilikuuliza ameweka kitu ukajibu ndiyo. Mtoto akasema ndiyo ameweka kitu, daftari! Daftari ni kitu! Yule dada wa Dawati akamtazama mwenzie hakusema neno, akavuta karatasi akamwandika upya maelezo ya nyongeza taratibu, kila sentensi anamsomea, mwanangu kasoma mwenyewe mpaka mwisho ndo kasaini, na mimi jina langu limeandikwa kwamba nilikuwepo. Hii sehemu imechukua kama dakika arobaini tu. Dakika arobaini, na juzi walikaa naye nusu siku.

Sasa tunatoka pale nje ya kaunta nani amekaa kwenye benchi? Mjukuu wa bibi. Na yunifomu yake, soksi amevuta mpaka magotini, mwenyewe, mikono kaiweka mapajani kama yuko kwenye mtihani. Nikamuuliza umekuja na nani baba? Akasema peke yangu. Bibi anajua? Akasema nilimwambia naenda shule. Kumbe na yeye aliambiwa kwa mdomo aje saa nne, akatembea kwa miguu kutoka nyumbani, hakutaka bibi ajue. Na yeye ndo aliyeandikwa kwenye karatasi ya mwanangu.

Sikuweza kuondoka. Baba mdogo akarudi kazini, mimi nikampa boda elfu tatu nikamwelekeza kwa bibi, nikarudi Dawati nikamwambia yule dada kuna mtoto mwingine pale ana miaka 13 hana mtu, mlezi wake anakuja naomba asiingizwe mpaka afike. Akaniuliza wewe ni nani yake? Nikasema jirani. Akasema kaa naye. Tumekaa mle kwenye benchi sisi watatu mpaka saa saba, nimewanunulia maji na mihogo. Watoto hawakusemeshana kabisa, wao ambao wanaendaga shule pamoja toka darasa la kwanza.

Bibi kaja na ndoo ya maandazi mkononi maana boda alimkuta barabarani. Afisa ustawi naye kafika saa nane (116 nilipiga, na shemeji yangu alikwenda manispaa). Wamemhoji bibi yupo, ustawi yupo. Kaachiwa saa kumi na moja kwa dhamana ya bibi, Jumatatu aripoti. Hakuna aliyedai hela hata mia, hilo niwape haki yao. Simu haijapatikana. Yule wa Yombo alikuja na baba yake asubuhi wakamaliza wakaondoka, salamu hawakuitikia.

Ila kwenye daladala bibi kaniuliza mbele za watu, "Mama Wawili, mwanao ndo kamtaja wangu?" Nimeshindwa kumjibu. Nimesema tutaongea nyumbani. Sasa nyumbani ndo hapa, taa ya kwake naiona inawaka na sijaenda.

Kijiwe cha Kahawa

Dada, nimesoma hiyo ya soksi. Nafuta nilichosema jana kuhusu kupelekwa tu. La simu ya mwalimu silifuti.

mwl_chaki

Barua kwa mkuu wa shule iandike leo, na huyo bibi mwandikie ya kwake aweke dole gumba. Kesho peleka zote mbili kwa pamoja, wanaogopa wazazi wawili kuliko mmoja.

Karani Mstaafu

Nenda sasa hivi, na mwanao awe mbele. Amwambie bibi kwa mdomo wake mwenyewe alichosema na kilichoandikwa, mbele ya mwenzie, wewe usimsaidie. Halafu andika JUMATATU kwa herufi kubwa kwenye karatasi mbandikie pale anapochomea maandazi, tarehe ya kuripoti ikimpita bibi yote mliyofanya leo yanarudi sifuri.

Mama Wawili wa Tandika

Ndo nafunga mlango naenda. Mwanangu keshatangulia, sijamtuma.